Ukuta wa Upande wa Mizani

Benedikta Mashimba alichoka kabla hajabisha hodi. Alikuwa ametembea kutoka sokoni Bariadi mpaka Somanda, bomba la ramani begani, jua la saa nane likimpiga utosini, na njia nzima alikuwa akipanga maneno ya kusema, akiyapangua, akiyapanga upya. Alipofika kwenye uzio wa minyaa wa mzee Januarius Mahona, maneno yote yalikuwa yamemwishia. Akabaki amesimama tu, anahema.

"Mwadila, mayu," alisema Nyanjige, mke wa mzee, aliyekuwa anafua nguo kwenye beseni. "Ingia basi, mama. Mbona umesimama hapo utadhani umekuja kutuhesabu?"

"Mwadila. Namtafuta mzee."

"Yupo barazani, anapumzisha miguu. Ila usimpe habari za serikali, presha itampanda."

Mzee Januarius alikuwa msanifu majengo wa serikali kwa miaka ishirini na mitano, mpaka siku walipopitisha panga la kupunguza wafanyakazi na yeye akawemo. Sasa alikuwa na kisukari, miguu iliyovimba, na kiti cha kamba kilichokwisha kubonyea kwa kumfuata umbo. Alimtazama Benedikta, akalitazama bomba la ramani, akakunja uso.

"Kama ni kazi, mimi sifanyi tena."

"Si kazi, mzee. Nimekuja kujifunza."

"Kujifunza? Kwa umri huo?"

Benedikta alikuwa na miaka arobaini na minne. Alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa, maana miguu yake haikuwa na nguvu ya kusubiri adabu. "Nimesema uongo, mzee," alisema. "Nisaidie nisiumbuke."

Uongo wenyewe ulikuwa hivi. Kwa miaka kumi na minane Benedikta alikuwa mnakili ramani katika ofisi ya ujenzi ya ushirika wa pamba. Kazi ya mnakili, kwa asiyeijua, ni hii: msanifu anachora kwa penseli, na karatasi yake inafika imechafuka, ina duara za vikombe vya chai. Mnakili anatandika juu yake karatasi laini inayoonyesha kilicho chini, anaibana pembeni kwa utepe wa gundi, kisha anapita juu ya kila mstari kwa kalamu ya wino, bila kuongeza, bila kupunguza. Akikosea, anasubiri wino ukauke, anaukwangua kwa wembe. Kutoka kwenye nakala yake ndiko zinakotolewa zile ramani za bluu za kupelekewa mafundi. Chini kulia kuna kisanduku: Imesanifiwa na. Imenakiliwa na. Imekaguliwa na. Miaka yote hiyo jina la Benedikta lilikaa kwenye mstari wa pili, na hakuna siku alitamani ule wa kwanza. Aliringia mkono wake. Wenzake walisema mkono wa Benedikta haujui homa.

Halafu likaja soko huria. Redioni lilisifiwa sana. Bariadi lilifika kwa sura ya malori mageni, wanunuzi wenye kofia za kampuni, na kufuli kwenye mlango wa ofisi ya akina Benedikta siku ya Jumatano asubuhi. Waliambiwa wakapumzike nyumbani mpaka watakapoitwa. Mwaka ukakatika, hakuna aliyeitwa. Meza yake ya kuchorea aliikuta sokoni, imepangwa mafungu ya nyanya, na hakuwa na nguvu hata ya kuuliza imefikaje pale.

Ndipo alipotokea Bwana Elia Luhende, meneja wa kampuni mpya ya pamba kutoka Mwanza, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mwenye haraka zisizoisha. "Wewe ndiye mtu wa ramani?" aliuliza. Benedikta akajibu ndiye. "Nichoree ghala la kununulia pamba, Kasoli. Likikaa vizuri nina mengine matano, na utakuwa mchoraji wetu wa kudumu." Benedikta akasema hilo halina shida. Neno la kudumu alikuwa hajalisikia kwa mwaka mzima, likamlevya. Elia akaongeza: "Ila sitaki lile ghala la ushirika. Watu wakiliona watafikiri ushirika umerudi. Nataka umbo jipya." Akampa wiki tatu.

Siku nne za kwanza ziliishia mbele ya karatasi nyeupe. Benedikta alijua mstari unapaswa kuishia wapi. Unakoanzia hakukujua.

Mzee Januarius alisikiliza yote hayo mpaka mwisho. Kisha akanyoosha mkono. "Lete rula yako."

Benedikta akampa. Mzee akainyanyua nyonga moja kwa taabu, akaikalia ile rula.

"Utaipata siku ya mwisho," alisema. "Njoo kesho, baada ya chakula. Na usivae nguo nzuri."

*

Kesho yake mzee alimpa kipande cha mkaa na rundo la kalenda kuukuu, upande wa nyuma. "Usinichoree jengo," alisema. "Nichoree siku ya mtu anayeleta pamba. Anafika saa ngapi? Anaanza kufanya nini?"

Benedikta akatoa macho. Amechora maghala ya pamba nusu ya umri wake, lakini kuuza pamba hakuwahi. Nyanjige, kule kwenye kamba ya nguo, ndiye aliyemwokoa.

"Unafika na matela ya ng'ombe alfajiri," alisema, "unakuta wenzako wamelala pale tangu jana. Unasubiri. Karani anakuja, anatia mkono kwenye gunia, anasema hii fifi, daraja la pili, irudishe ukaichambue. Unachambua. Unasubiri. Unapimiwa. Karatasi inaandikwa. Unasubiri. Jua linazama, hujala."

"Chora hiyo," alisema mzee. "Kila jambo duara lake. Muda mrefu, duara kubwa. Muda mfupi, duara dogo. Mambo yanayohitajiana, yasogeze karibu."

Benedikta akachora. Mizani ilitoka duara dogo kama kifungo cha shati. Karani, vivyo hivyo. Ghala lenyewe, wastani. Kusubiri kulijaza karatasi yote mpaka kukamwagikia kwenye karatasi ya pili. Alitazama yale madonge meusi na akajisikia mjinga, mwanamke mzima aliyechafuka mkaa hadi kwenye viwiko.

"Sasa tumeanza," alisema mzee. "Hicho kikubwa ndicho unachojenga. Vingine vinakifuata."

Siku ya tatu alimfanya achore jua: linapochomoza, linapokuwa kali, mvua inapiga kutoka upande gani, vumbi la barabara linaingilia wapi. Siku ya nne aliagiza mche wa sabuni. Akaukata kwa kisu cha jikoni, kipande kirefu, kipande kifupi, vipande viwili vya mraba, akavipanga juu ya kigoda. "Hili ghala," alisema. "Huyu karani. Lisogeze. Ligeuze. Linyanyue upande mmoja. Umbo halitoki kichwani likiwa limevaa viatu. Linatoka mikononi, baya kwanza." Benedikta alisogeza sabuni mpaka vidole vikateleza. Alipanga ghala lililojipanga foleni, ghala la pembe mbili, ghala lililokumbatia ua kama boma la ng'ombe. Hilo la mwisho mzee alilizungusha kwa kidole, akasema, "Liweke hilo. Mengine yafulie."

Nyanjige akayachukua kweli. Wiki ile nguo za mzee Januarius zilifuliwa kwa maghala tisa.

Lakini Benedikta alikuwa anachoka. Uchovu huo haukuwa wa mwili tu, wa mwili aliuzoea. Ulikuwa uchovu wa mtu anayeulizwa kila siku, "Wewe unatakaje?" na hajawahi kuulizwa hivyo maishani. Siku ya saba alitupa mkaa chini. "Mzee, mimi najua kunakili. Nimezaliwa kunakili. Nipe kitu cha kunakili nikapumzike."

Mzee hakukasirika. Alichukua ile karatasi laini ya kunakilia kwenye bomba la Benedikta, akaitandika juu ya mchoro wake wa jana, ule uliokwenda mrama, na kuanza kupitisha mkaa polepole. Ua akauchukua. Mlango wa upande wa jua la alasiri akauacha. Paa akalichukua nusu. Kisha akatandika karatasi nyingine juu ya hiyo, akachukua kidogo, akaacha kidogo.

"Wasanifu wote tunanakili," alisema. "Tunajinakili wenyewe, mara thelathini, arobaini. Tofauti yako na mimi ni moja tu. Wewe umenakili miaka kumi na minane na hukuwahi kuacha kitu. Ukichukua, iwe umechagua. Ukiacha, iwe umechagua. Hapo mstari unakuwa wako, na lawama zake zako."

Benedikta akaangalia zile karatasi zilivyolaliana, na kwa mara ya kwanza tangu mlango wa ofisi ufungwe akapata hamu ya kushika kalamu. Mzee akaona. "Kesho usije," alisema. "Nenda Dutwa, kwenye ghala la zamani. Usiingie ndani. Zunguka nje, uangalie watu wanatumia nini."

*

Wanakili hukaa ofisini. Ndiyo maana Benedikta alikuwa hajawahi kusimama mbele ya ghala lolote katika yale aliyoyanakili. Ameyapita barabarani kwenye basi, ameona mabati na mgongo wa jengo, basi. Siku ile alizunguka hadi upande wa mizani, ambao kutoka barabarani hauonekani, na akaona kitu asichokielewa.

Hatua mbili kutoka ukutani, peke yake uwanjani, palikuwa na ukuta mfupi. Urefu wake mita mbili hivi, kimo chake kinafika kiunoni. Haukushika paa, haukuzuia kitu, haukuelekea popote. Juu yake matofali yalikuwa yamelainika kwa kuguswa.

Msimu wa kununua ulikuwa haujafunguliwa, lakini ilikuwa siku ya soko na watu walikuwa wanapita. Mwanamke mmoja mtu mzima alikuja na gunia la mahindi kichwani. Alifika kwenye ule ukuta, akaugeuzia mgongo, akakunja magoti, akaliteremsha gunia kwa nyuma mpaka likatua juu yake. Akajinyoosha, akajipangusa jasho. Alipokwisha kupumzika aligeuka tena, akainama, akaliburuta gunia mpaka likamkaa kichwani, akasimama nalo.

"Mwangaluka, mama," Benedikta alimwahi. "Samahani. Huu ukuta ni wa nini?"

"Huu?" Yule mama, jina lake Shida, alishangaa mtu asiyejua. "Huu ndio unaonitwisha, ng'wana wane, mwanangu. Mume wangu alikufa, watoto wako Mwanza. Nikitua mzigo chini, nani atanitwisha? Natua hapa. Upo hapa, upo Kasoli, kila penye ghala la pamba upo. Aliyeuweka alitufikiria sana sisi wanawake. Njoo uegemee, umechoka, nakuona."

Benedikta hakuegemea. Aliuliza nani amejenga, akaonyeshwa fundi Mayige, mwashi wa pale pale Dutwa, aliyekuwa anakunywa uji kwenye kibanda jirani.

"Gashi! Hata mimi nilijiuliza," Mayige alisema. "Ramani ilikuwa na mistari miwili pale, ya ukuta, wazi kabisa. Lakini kwenye mchoro wa sura ya upande ule haukuonekana. Tukasema basi ni mfupi, wataalamu wanajua wenyewe. Nimejenga maghala manane, yote nimeuweka. Wenzangu nao, kule kwao. Ramani ilisema."

Basi la kurudi Bariadi Benedikta alilipanda bila kujua amelipandaje. Alikuwa anajua sasa ule ukuta umetoka wapi.

Ilikuwa mwaka wa sabini na tisa. Mwanawe Thomasi, wa miaka minne, alikuwa amelazwa kwa homa siku ya tatu, na bosi alisema ramani ya ghala, moja ya kujengea maghala yote ya wilaya, lazima iishe wiki ile. Benedikta alikuwa amekesha hospitali, amekuja kazini, amekaa mezani macho yakimwuma. Alasiri alisinzia na kalamu mkononi. Utepe wa gundi uliachia upande mmoja, karatasi ikateleza, naye akaendelea kuvuta wino: mistari miwili, ukuta wa upande wa mizani ukianzia mahali pasipo pake. Alishtuka, akaona, akairudisha karatasi sawa, akauchora ukuta upya panapostahili. Ile mistari ya makosa akaiacha ikauke ili aikwangue. Wembe alikuwa ameshautoa. Ndipo mlango ulipofunguliwa, na mtu akamwambia aende hospitali, aende sasa hivi.

Hakurudi kazini kwa siku kumi na mbili. Aliporudi, ramani ilikuwa imekaguliwa, imepigwa mhuri, imetumwa. Hakuna aliyemwambia kitu juu yake, na yeye hakukumbuka. Kulikuwa na mengine ya kukumbuka.

Kwenye basi alilia kimyakimya, uso ameugeuzia dirishani. Ile alasiri aliyotumia miaka kumi na sita kuisahau ilikuwa imejengwa kwa tofali na saruji wilaya nzima, na wanawake walikuwa wanatulia mizigo juu yake.

*

Alimwambia mzee Januarius yote.

"Mimi nimesanifu shule, mahakama, nyumba za wakubwa," alisema mzee. "Sijawahi kusikia mtu amesema, aliyeweka hiki alitufikiria." Akajiinua, akatoa ile rula chini yake, akamrudishia. "Karatasi unayo. Kunakili unajua. Uchukue au uuache, ni wewe."

Benedikta akauchukua. Ghala lake la Kasoli lilitoka na ua uliofunguka kuelekea mizani, paa lililonyooka mbele kuwapa kivuli wanaosubiri, mlango ukiwa umekwepa jua la alasiri, na hatua mbili kutoka ukutani, mistari miwili, safari hii na kipimo chake cha kiunoni kimeandikwa. Chini kulia, pale penye Imesanifiwa na, aliandika B. Mashimba. Alichelewa sana kuliandika. Aliona aibu kana kwamba ameketi kwenye kiti cha mtu.

Bwana Elia alipenda paa. Alipenda ua. Kisha kidole chake kikasimama.

"Hiki nini?"

"Ukuta wa kutulia mizigo. Na wa kuegemea."

"Toa. Mama, zama hizi si zile. Mtu akiegemea anaanza maongezi. Akianza maongezi anauliza jirani kampuni ile nyingine inanunuaje, kesho hayupo. Mimi nataka apime, aende zake. Toa hiyo, kazi ni yako."

Benedikta alitaka kubisha. Alifikiria yale matano, alifikiria neno la kudumu, alifikiria jinsi alivyochoka. Akatoa wembe mkobani na pale pale, mezani kwa Elia, akaikwangua ile mistari miwili mpaka karatasi ikawa nyeupe. Mkono haukutetemeka hata kidogo. Huo ndio mkono aliokuwa akiuringia, na jioni ile alichukia kuutazama.

Kazi alipewa Mayige, kwa ushauri wa Benedikta mwenyewe. Siku ya kuchimba msingi Benedikta alikuwepo. Baada ya hapo Elia alisema hakuna haja, tutaonana siku ya ukaguzi, naye akakubali. Akarudi kwenye mazoea yake ya kukaa mbali na kitu alichokichora.

*

Ukaguzi ulikuwa Jumamosi, msimu ukifunguliwa Jumatatu. Walikwenda Kasoli kwa gari la kampuni. Elia alikuwa na furaha. Alipiga picha mbele ya jengo, akasifu bati, akasifu sakafu. Walipozunguka kwenda upande wa mizani akasimama ghafla.

Ukuta ulikuwa pale. Hatua mbili, mita mbili, unafika kiunoni, saruji yake bado ya kijivu. Tayari kulikuwa na beseni la mtu juu yake.

"Nani amejenga hiki?"

Mayige akavua kofia. "Mimi, bosi. Ghala la pamba halikosi ukuta wa mizani. Nilipoona haumo nikasema, mama amesahau, nisimwaibishe. Nikauweka."

Elia akafungua ramani, akaigongagonga kwa kidole. "Haumo! Umejitungia! Mimi nilisema wazi sitaki, mama huyu akafuta mbele ya macho yangu. Fundi, hapa ndipo tunapoachana. Yale matano tafuta pengine."

Mayige akamtazama Benedikta. Hakumwomba kitu, alimtazama tu, kama mtu anayetazama mvua imemharibia kazi.

Benedikta alijua kwamba yeye yuko salama. Karatasi ilikuwa safi. Wembe wake ulikuwa umemtetea kabla hajashtakiwa. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza, na kunyamaza alikufanya kwa miaka kumi na minane, alikuwa bingwa.

"Ukuta huo ni wangu," alisema.

"Nini?"

"Ni wangu. Si wa fundi." Akaichukua ramani mikononi mwa Elia, akaitandaza juu ya ule ukuta wenyewe, akasogeza beseni la watu, akatoa kalamu. Rula ilikuwemo mkobani. Hakuitoa. Akavuta mistari miwili kwa mkono mtupu, na safari hii mkono ulitetemeka sana, mistari ikatoka imepinda, ikaonekana wazi ni ya mtu. "Haya. Umo. Fundi amefuata ramani."

"Nilikwambia ufute."

"Nilifuta. Nimeurudisha."

Elia alimwangalia, akaiangalia saa yake. Pengine kama ingekuwa siku nyingine angepiga kelele, lakini pamba ya watu ilikuwa tayari njiani. "Sina muda wa kubomoa," alisema. "Msimu ni keshokutwa. Fundi, utaendelea. Lakini wewe, mama, basi. Yale matano yatachorwa Mwanza. Sihitaji mchoraji anayegombana na karatasi yake." Akaingia kwenye gari, akaondoka na nafasi ya Benedikta ya kurudi mjini.

Walibaki wawili. Mayige aliichezeachezea kofia yake.

"Mayu, ungeninyamazia tu. Mimi nimezoea kugombezwa."

"Na mimi nimezoea kunyamaza," alisema Benedikta. "Nimechoka."

Alikuwa amechoka kweli. Kazi ya kudumu ilikuwa imekwenda na vumbi la gari, na kesho atarudi kule kule alikokuwa kabla ya yote haya. Aliikunja ramani taratibu, akairudisha kwenye bomba. Mayige akamsogelea.

"Lakini nikuulize," alisema. "Hayo matano, Mwanza watachora. Kujenga, si mimi?"

"Ni wewe."

"Basi."

"Basi nini?"

"Ghala la pamba halikosi ukuta wa mizani, mayu."

"Akikuuliza?"

"Nitamwambia ramani ilisema. Si ilisema?"

Benedikta alicheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka, wala hakuyaficha. Thomasi angekuwa na miaka ishirini. Kwa mbali tela la kwanza lilikuwa linakata kona, ng'ombe wawili na magunia yamepangwa juu, na nyuma yake mwanamke na mzigo kichwani, anautafuta ukuta kwa macho upande wa mizani.

Benedikta aliliweka bomba la ramani juu ya ukuta, akaugeuzia mgongo, akaegemea. Ulimfika pale pale unapotakiwa kumfika mtu aliyechoka. Kisha akasogea kidogo, kumpa nafasi yule mwanamke atue.